BAJETI NI AMANA: YA DHARURA YAPEWE HAKI YAKE KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo ni ndefu kidogo, basi nivumilieni. Inahusu fedha za Serikali: nani anazitoa, zinakwenda wapi, na kipi kinatakiwa kitangulie. Najua kabla hujafika katikati kuna atakayeandika hapo chini: "Sheikh, hayo waachie wanasiasa. Wewe tufundishe udhu na swala."

Ndugu yangu, nitakufundisha udhu inshaallah. Lakini kwanza nikuulize: unamjua Ibn al-Lutbiyya?

Huyu alikuwa mtu aliyetumwa na Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) kwenda kukusanya sadaka za Bani Sulaym. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume hakumwita pembeni yakaishia hapo. Alipanda mimbari, akamhimidi Allah, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Kisha akaonya kwamba anayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Sasa tuzingatie. Mapato ya umma yalizungumzwa juu ya mimbari, na aliyeyazungumza ni Mtume mwenyewe. Anayesema mimbari haihusiki na mali ya umma ana ugomvi na Sunna, hana ugomvi na mimi. Mimi sina chama ninachokipigia debe hapa. Nasema kama raia mlipa kodi na kama mtu aliyepewa dhima ya kukumbusha.

KWANZA: FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Wengi wetu tunadhani fedha za Serikali ni za Serikali. Ndiyo maana kiongozi akikata utepe wa zahanati tunapiga vigelegele kama vile ametoa mfukoni mwake. La hasha. Bibi wa Mlola anayenunua kipande cha sabuni ya kufulia amelipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kijana wa bodaboda anayeweka mafuta lita moja amelipa tozo ya barabara. Mkulima anayenunua vocha ya simu amelipa. Hata maskini anayepokea zaka yako leo, akienda dukani kesho atakatwa humo humo.

Tuchukue mfano wa bajeti ya mwaka 2024/25. Iliposomwa bungeni Dodoma Juni 2024 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Iliyofuata, ya 2025/26, ikapanda hadi trilioni 56.49. Namba hizi ni kubwa mno, akili ya mtu wa kawaida inachoka. Basi tuzipunguze. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Ukigawa trilioni 49.35 kwa hesabu hiyo, kila roho, pamoja na mtoto aliye mgongoni, inapata karibu shilingi laki nane. Nyumba ya watu sita, milioni nne na laki nane kwa mwaka. Kuna nyumba ngapi hapa milimani ambazo hazijawahi kushika fedha hiyo kwa mkupuo mmoja? Na bado imepangwa kwa jina lao.

Tuipunguze tena. Chukulia bajeti ile yote ni noti moja ya shilingi elfu. Katika elfu hiyo, kama 320 zilitengwa kulipa deni la Serikali na gharama nyingine za Mfuko Mkuu. Kama 240 ni mishahara. Kama 140 ni matumizi mengine ya kawaida. Zinabaki kama 300 za maendeleo: barabara, maji, madarasa, hospitali, reli, umeme, vyote humo humo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "Serikali ina fedha nyingi", mjibu kwamba mikono yake imekwishafungwa kwa sehemu kubwa. Na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mwenye fedha nyingi akikosea mpangilio huumia kidogo. Mwenye fedha chache akikosea mpangilio, watoto wake hulala njaa.

PILI: SHERIA IMESHATUPANGIA DARAJA

Wanazuoni wetu, akina Imamu al-Ghazali na baada yake Imamu ash-Shatibi, waliyapanga maslahi ya watu kwa daraja tatu. Ya juu kabisa ni dharuriyyat, mambo ambayo yakikosekana maisha yanaharibika: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Zikifuatia ni hajiyyat, mambo yanayoondoa uzito na kurahisisha maisha. Mwisho ni tahsiniyyat, mambo ya kupendezesha na kukamilisha.

Kanuni ni nyepesi, mtoto wa madrasa anaielewa: daraja ya chini haitangulii ya juu. Hupaki rangi nyumba ambayo haina paa. Hununui kapeti la sebuleni na mtoto anaharisha bila dawa.

Tuipeleke kanuni hii kwenye bajeti. Mama mjamzito kufika kwenye huduma kabla hajamwaga damu nyingi: hiyo ni nafsi, ni dharura. Dawa kwenye kabati la zahanati: dharura. Maji salama: dharura. Mtoto kujua kusoma: hiyo ni akili, dharura. Mazao ya mkulima kufika sokoni kabla hayajaoza: hiyo ni mali, dharura kwa mtu ambaye hana mshahara. Reli ya kisasa na barabara kuu za lami zinaondoa uzito na kukuza uchumi, ziko daraja ya pili, na zina nafasi yake, sipingi treni. Lakini gari la kifahari la kumbeba ofisa mmoja, semina ya hotelini ya siku tano, mabango, fulana za maadhimisho, sherehe za uzinduzi wa jambo lililokwishazinduliwa? Hayo hata daraja ya tatu yanaingia kwa kubembelezwa.

TATU: USIAMBIWE HAIWEZEKANI

Kuna watu kazi yao ni kutetea kila kitu. Ukisema wataalamu wabadilishe mpangilio, wanakwambia hujui uchumi. Basi tusibishane kwa nadharia, tutazame yaliyokwisha kutokea hapa hapa nchini.

Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa, na fedha zake, zaidi ya shilingi bilioni nne, zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Nchi haikuanguka. Uhuru wetu haukupungua hata kidogo.

Desemba 2022 sherehe zilifutwa tena. Shilingi milioni 960 zilizokuwa ziliwe siku moja zikapelekwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule nane. Mtoto asiyeona, mtoto asiyetembea, akapata pa kulala salama. Wallahi, gwaride gani lingefikia thawabu ile?

Na mwaka 2021, zilipopatikana fedha za UVIKO-19 shilingi trilioni 1.3, nchi iliamua kujenga madarasa 15,000. Yakajengwa kwa miezi michache, huku tulikokuwa tunaambiwa kwa miaka mingi kwamba darasa moja lina mchakato mrefu.

Hii yote inatufundisha nini? Kwamba mpangilio ni uamuzi. Haushuki kama mvua. Kuna watu walikaa mezani wakaamua, na walipoamua vizuri tuliona matunda, na nawaombea kheri walioamua. Na kama kuamua vizuri kunawezekana Desemba moja, kwa nini kusiwe ndiyo kawaida ya kila mwezi?

NNE: MAMBO MANNE YALIYOPINDUKA

La kwanza, afya. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwao, na ahadi ile hatujaifikia. Wakati huo huo, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za kupambana na UKIMWI zimetoka kwa wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, hofu iliingia kwa wagonjwa wanaoishi kwa kidonge cha kila siku. Tafakari jambo hili: uhai wa watu wetu tulikuwa tumeukabidhi kwenye mfuko wa mgeni, na gari la kiongozi tunalilipia wenyewe. Dharura tumemwachia jirani, mapambo tumeyashika sisi. Mwanamume akifanya hivyo nyumbani kwake tunamwita kwenye baraza la wazee.

La pili, barabara. Hapa sina haja ya kuwaeleza watu wa Usambara. Kabichi, karoti, viazi, hoho na mapeasi yetu yanaanzia kwenye migunda iliyoko kwenye miteremko, yanabebwa kichwani au kwa bodaboda mpaka lori linapoweza kufika, kisha yanashuka Soni na Mombo kwenda Dar es Salaam. Mvua ikikaza, udongo unaporomoka, lori linalala njiani, na karoti haisubiri. Mgonjwa naye anashushwa kwa machela. Barabara hizo ndogo za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017, na mtandao wake nchi nzima unazidi kilomita 144,000. Lakini mgawo uliozoeleka wa Mfuko wa Barabara ni asilimia 70 kwa TANROADS yenye barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa TARURA yenye mtandao mrefu mara kadhaa. Ninajua kilomita ya barabara kuu ni ghali na inabeba malori mazito, na ninajua mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya TARURA. Hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini mzigo unaobebwa na barabara kuu unatoka wapi kama si kwenye vichochoro vya vijijini? Wabunge wengi wameomba mgawo huo utazamwe upya, na raia tuna haki ya kuuliza umefikia wapi.

La tatu, kilimo. Tuwe waadilifu, kwa sababu Allah ametuamrisha katika Suratul Maida aya ya 8 kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka uliofuata ikaruka hadi bilioni 954, na 2024/25 ikapita trilioni 1.2. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini irudishe kwenye ile noti ya elfu: wizara hiyo inapata kama shilingi 25, katika nchi ambayo Waislamu na wasio Waislamu, wengi wetu tunaishi kwa jembe.

La nne, magari na starehe za ofisi. Hili si uzushi wa mitandaoni. Juni 2022 Waziri wa Fedha mwenyewe alisimama bungeni akalalamikia gharama za magari ya Serikali, akapendekeza viongozi wanaostahili wakopeshwe magari wayahudumie wenyewe. Kama mwenye funguo za hazina ameona, wewe unayetetea mashangingi kwenye maoni hapo chini unamtetea nani?

TANO: HESHIMA YA KIONGOZI

Wanasema: "Kiongozi lazima aheshimike, hawezi kupanda gari la hovyo." Ndugu zangu, heshima gani hiyo inayokaa kwenye matairi?

Mwaka wa 18 wa Hijria ulikuja ukame mkali Madina, ukaitwa Mwaka wa Ramada. Sayyidna Umar (Radhiya Allahu anhu) ndiye aliyekuwa khalifa, na dola ilikuwa imeshaingia Sham na Iraki. Akajizuia samli na nyama, akawa anakula mafuta ya zeituni, mpaka rangi ya ngozi yake ikabadilika. Akaagiza chakula kutoka majimboni, kikaja, watu wakalishwa. Alikataa kula wanachokikosa raia, ili maumivu yao ayajue tumboni mwake na si kwenye taarifa iliyoandikwa na katibu. Je, heshima ya Umar ilipungua? Miaka elfu moja na mia nne imepita na bado tunamtaja.

Na Sayyidna Yusuf (Alayhi salaam) alipoomba kusimamia hazina za Misri, sifa mbili alizojitajia, kama zilivyo katika sura yake aya ya 55, ni ulinzi na elimu. Mlinzi asiye na ujuzi ataharibu kwa ujinga. Mjuzi asiye mlinzi ataiba kwa ufundi. Kila Machi ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inakabidhiwa kwa Rais, ikifika Aprili iko bungeni, na kila mwaka tunajifunza kwamba wajuzi tunao. Walinzi ndio tunaowatafuta.

SITA: NA SISI JE?

Sasa nigeuke, maana darsa isiyomgusa msikilizaji ni masengenyo.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa na hapo mwananchi huuliza. Wangapi kati yenu mlihudhuria wa mwisho? Mkutano ukikosa watu, mihtasari inaandikwa na watu wanne, kisha tunalalama msikitini baada ya Isha. Suratush Shura aya ya 38 imewasifu waumini kwamba mambo yao ni ya kushauriana. Hutashauriwa ukiwa umelala.

Wazee wa huku wanakumbuka habari za matuta. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, wakaueneza Usambara. Nia waliyoitangaza ilikuwa njema, fedha ilitumika, lakini mkulima hakuulizwa, aliamrishwa. Wakulima wakaukataa, na miaka ya 1950 haijaisha mpango ukaporomoka. Fedha iliyopangwa bila mwenye shamba hupotea hata kama aliyepanga amesoma.

Na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Mkopo wa umma usio na riba, neema gani kwa Muislamu! Lakini Aprili 2023 ilisimamishwa, kwa sababu kulikuwa na vikundi hewa na watu waliokopa wakakimbia. Ikarudi 2024/25 kwa utaratibu mpya. Waliokimbia hawakuwa mawaziri. Walikuwa majirani zetu, na pengine tunasimama nao safu moja. Baada ya vita vya Khaybar kuna mtumishi aliyepigwa mshale akafa, watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume akawaambia kwamba shuka aliyoiba kwenye ngawira inamuwakia moto. Kusikia hivyo mtu mwingine akaja na kamba za viatu. Kamba za viatu! Wewe umekula laki tano za kikundi na umetulia.

Hata misikitini mwetu mpangilio umepinduka. Tunashindana minara na marumaru, na mwalimu wa madrasa hajalipwa mwezi wa tatu. Atakayeidai Serikali ianze na dharura, naye aanze na dharura kwenye msikiti wake na nyumbani kwake.

TUFANYE NINI?

Moja, hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa, na udai mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Mbili, darasa au zahanati ikijengwa kwenu, kamati iulize mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotumika. Kuuliza si uadui. Tatu, mpelekee diwani na mbunge wako vipaumbele vya dharura mapema, kabla ya vikao vya bajeti vya Aprili hadi Juni, na muulize Julai vipi vimeingia. Nne, lipa kodi na udai risiti, kwa sababu anayekwepa kodi amejiondolea haki ya kufoka. Tano, semeni kwa adabu na kwa ushahidi, bila matusi na bila kuharibu mali. Tozo za miamala za Julai 2021 zilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka ule ule baada ya wananchi kusema. Mlisema, mkasikika.

Na wewe ndugu yangu ofisa, mhasibu, mtendaji, unayesoma haya kwa simu yako: sikuchukii. Kalamu yako ndiyo inayoamua kama ile mia tatu ya maendeleo itafika kwenye zahanati au itaishia kwenye posho ya kikao. Suratun Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na wenyewe unawajua: wako huku milimani, wengine wamebeba mgonjwa kwenye machela muda huu.

Allah awape viongozi wetu ulinzi wa Yusuf na uchungu wa Umar. Atujaalie sisi raia tusiwe wa kulalama gizani na kunyamaza mchana. Airehemu nchi yetu na aibariki mvua hii iwe ya kheri kwa mazao na barabara zetu. Amin.

Mwenye hoja ailete kwa adabu, tutajibizana. Mwenye kuona kuna faida, amfikishie mwenzake.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu, imamu, Magamba, Lushoto.